Baba Watoto Ameanza Kunitembeza

Jumamosi, 2 Machi

Kwanza salamu. Najua daftari hili haliendi posta wala halina wa kulisoma, lakini mimi kuandika kwangu kote kumekuwa ni barua, na barua bila salamu ni kama kuingia kwa mtu bila hodi.

Kwa hiyo salamu kwako binti yangu mkubwa, wewe na hilo tumbo lako, usibebe ndoo. Salamu kwa mkwe wangu, mumeo, abebe yeye hiyo ndoo. Salamu kitindamimba wangu huko chuoni, chai si chakula, ule. Salamu mama mkwe na magoti yako. Salamu wifi, wewe sikuulizi hali, maana ugonjwa wako ni mmoja tu, habari za watu. Salamu shemeji, kaka yake baba watoto, na kifua chako. Salamu jirani anayetutunzia kuku. Salamu kuku. Paka pia, kama yupo.

Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yenu.

Daftari ni shauri la binti mkubwa. Alichoka. Nampigia asubuhi kuuliza kama amekula, mchana kuuliza kama mtoto anacheza tumboni, jioni kuuliza kwa nini mchana hakupokea. Akasema mama, ukishikwa na wasiwasi andika kwanza. Ukimaliza kuandika na bado unao, ndiyo unipigie. Neno lake nimeliona lina akili, ingawa lina dharau kidogo. Shule niliishia darasa la nne, ila mwandiko wangu unasomeka.

Sasa wasiwasi wa leo. Baba watoto alikuwa anakula. Akanyanyua kichwa, akasema kesho tutembee.

Nikamuuliza nani kafa.

Akasema hakuna aliyekufa. Kuna bustani kubwa, kuna ziwa dogo ndani yake, watu wanakwenda. Nikauliza tunakwenda kumwona nani huko. Akasema hatumwoni mtu, mama. Tunatembea tu.

Tunatembea tu – tangu anioe hajawahi kunitoa nyumbani bila sababu. Harusini, msibani, hospitalini, basi. Na huku ugenini tunajua njia mbili, ya kiwandani na ya sokoni, na zimetutosha. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Tunarudi. Mjukuu anazaliwa mwezi wa saba, mjukuu wangu wa kwanza, na mimi ndiye wa kumpokea, nimeshamwahidi mwanangu. Nilijua tumeshamalizana na nchi hii. Matembezi ya nini tena?

Nimechemsha mayai, yasije yakatukuta ya kutukuta.

Jumapili, 3 Machi

Tumetembea.

Niseme kwanza jambo la mwendo. Kwetu njia ya kutoka nyumbani mpaka barabara kubwa ni nyembamba, ya mtu mmoja mmoja. Mume mbele, mke nyuma, kila mtu na mzigo wake. Tumezoea hivyo hata penye nafasi. Leo kwenye njia ya waenda kwa miguu, pana kama mkeka wa sherehe, baba watoto akapunguza mwendo. Nikadhani ana jiwe kiatuni, na mimi nikapunguza. Akapunguza tena. Nikapunguza tena. Tukafika mahali tumesimama kabisa, yeye mbele, mimi nyuma, kama foleni ya watu wawili isiyojua inangoja nini.

Akageuka. Kwani huwezi kuja hapa?

Hapa wapi?

Akaonyesha ubavuni kwake. Nikaenda. Sikujua mikono niiweke wapi. Kikapu nikakihamisha, mara kulia, mara kushoto, mwishoni kikawa katikati yetu kama mtoto.

Kikapu hicho alikisema sana. Ati tunahama? Nilikuwa na chupa ya chai, mayai, mkate, wali kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, kuku kidogo, chumvi kwenye karatasi, makoti ya mvua, dawa ya tumbo na mto mdogo wa mgongo wake. Alisema mengi, lakini alikula yote, na mto akaulalia.

Pale ziwani kuna boti ndogo zenye sura ya bata, unakaa ndani unakanyaga kwa miguu. Nikasema mimi siingii. Nikaingia. Yeye ni fundi wa cherehani, basi akaikanyaga boti kama anajaribu mashine – chapuchapu, kisha anasimama kusikiliza, kisha chapuchapu. Mimi upande wangu sikukanyaga, nilikuwa naomba Mungu. Kwa hiyo tulizunguka palepale tu. Mpaka bata wa kweli wakatuzoea.

Alininunulia aiskrimu. Halafu akamwomba mpita njia atupige picha. Yeye ambaye picha zake zote ni za vitambulisho! Akavua kofia, akanishika bega, akasema hii tutaiweka. Nikamuuliza tutaiweka wapi. Akairudisha kofia kichwani.

Nimerudi miguu inauma na moyo hautulii. Picha ya kuwekwa. Ya kuwekwa wapi?

Jumanne, 5 Machi

Kazini mimi nakata nyuzi. Shati likishashonwa huwa na nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi, mimi nazinyoa. Mezani nakaa na Mama Vifungo. Namwita hivyo kwa sababu kazi yake ni vifungo, na mdomo wake hauna hata kimoja. Ni mtu wa upande wetu, tunasikilizana lugha, ndiyo pona yangu.

Nikamsimulia boti. Nilitegemea atacheka. Akaweka sindano chini.

Shoga, akasema, mwanamume wa umri ule akianza kukubembeleza bila sababu ni mambo mawili. Ana mwanamke au ana ugonjwa.

Nikasema labda ananipenda.

Akaniangalia kwa huruma. Ameanza Jumapili?

Mwanamke nilimfuta upesi. Baba watoto anakoroma kama cherehani iliyokosa mafuta. Viatu vyake vimefunguka midomo mbele. Na mwenye mwanamke nje hamnunulii mkewe aiskrimu, anamnunulia huyo wa nje. Hapo likabaki moja.

Ndipo nikakumbuka! Mwezi uliopita wafanyakazi wote walipimwa afya kiwandani. Wenzake waliingia kwa daktari na kutoka. Yeye alikawia. Alipotoka alikuwa kimya, na nilipomuuliza akasema niko sawa. Mwanamume anayesema niko sawa sijawahi kumwona akiwa sawa.

Mama Vifungo akasema dalili ya mvua ni mawingu. Akaendelea na vifungo vyake, kama mtu aliyenimwagia maji ya moto akaenda zake.

Jumamosi, 9 Machi

Leo amenipeleka mlimani kwa treni. Ameniachia kiti cha dirishani. Njia nzima namtazama yeye badala ya dirisha. Amekonda? Shingo imekonda. Au kola ndiyo imelegea, nimeifua sana.

Chini ya mlima kuna vijumba vya vioo vinavyoning'inia kwenye waya, vinapanda mpaka juu na watu ndani. Binadamu anaanikwa kama nguo. Nikamuuliza ni nani anayekagua hizo nati. Akasema kuna fundi. Nikasema unamjua? Tulipoingia akainua shingo akatazama gurudumu lile la juu mpaka tukafika, kisha akaniambia usiogope, grisi ipo. Sikujua kuna siku nitafarijiwa na grisi.

Halafu akanishika mkono. Mkono wangu haujashikwa hivyo tangu harusi yetu, na siku ile kaka yangu ndiye aliyemlazimisha kwa ajili ya mpiga picha.

Juu ni pazuri, nisiwe mkosa shukrani. Nyumba zote huko chini kama punje. Tumekaa kwenye benchi tukanywa chai yetu. Akasema polepole, mama, mtu anaweza kuzoea mahali popote, mradi yuko na mwenzake.

Nikajua anazungumzia kaburi.

Akasema tena, ukitazama hivi, huoni kwa nini mtu aharakishe kuondoka.

Hapo nikashindwa. Machozi yakanitoka tu. Yeye akadhani ni uzuri wa mlima. Akafurahi kweli, akanimenyea yai. Akasema nilijua utapapenda.

Maskini. Anajikaza kwa ajili yangu.

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika kwanza, kama nilivyoagizwa. Wasiwasi haujaisha. Nimepiga.

Binti mkubwa akauliza mama, umemuuliza mwenyewe? Nikamwambia mtu hamuulizi mgonjwa kama anakufa, ni utovu wa adabu. Nimemwapisha asimwambie mtu yeyote. Mumewe tu, maana mume na mke ni kitu kimoja. Na asilie, atamliza mtoto tumboni.

Amelia.

Jumatano, 13 Machi

Mambo yameharibika.

Mkwe alimwambia wifi. Ati alikutana naye sokoni, akamwona ana haraka, akadhani ameshajua. Wifi akamnong'oneza mama mkwe, na mnong'ono wa wifi unasikika mtaa wa pili. Leo wifi kanipigia analia, anataka kujua ni figo au ini. Nikasema sijui. Akasema basi ni ini, ini ni la ukoo wetu. Nimeolewa ukoo ule siku zote hizi, ndiyo kwanza nasikia habari za ini.

Jioni shemeji akampigia baba watoto mwenyewe. Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikasikia upande mmoja tu.

Shikamoo kaka... Sisi wazima... Mbuzi gani?... Yule mbuzi wa ujana wetu?... Kaka, mimi hata nilishamsahau... Haya, nimekusamehe... Nasema nimekusamehe, usilie... Na wewe pia. Na wewe pia, kaka. Kwani vipi?

Akaweka simu mezani, akaitazama kama mashine iliyokwama bila sababu.

Kabla hajakaa, ikalia tena. Kitindamimba. Aliongea kidogo tu. Baba watoto akasema haya, na wewe usome. Akakata. Akaniambia mtoto amesema ananipenda.

Katika nyumba yetu maneno hayo hayatamkwi. Tunasema umekula?

Akavuta kiti akaketi. Mimi nikaendelea na vitunguu, vimenisitiri.

Alhamisi, 14 Machi

Amebakiza chakula. Huyu ambaye hufuta sahani kwa mkate mpaka naona aibu kuiosha.

Akaniuliza, mama, yule daktari wa kiwandani alikuita wewe pembeni?

Mimi? Nikasema mimi sikuitwa. Wewe ndiye uliyeitwa.

Basi mbona watu wa nyumbani wananiaga?

Nikasema wamekukumbuka tu.

Hakuamini. Tukatazamana, kila mtu anamsoma mwenzake usoni. Mama Vifungo anasema leo mchana amemwona stoo, amesimama juu ya mzani wa kupimia marobota ya vitambaa, kavua viatu, kafumba macho, anaogopa kutazama namba.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa nimechoka kucheka na kulia, na vyote sijui vimeingiaje katika siku moja.

Leo baba watoto hakuwa na raha ya matembezi, nikadhani tutabaki ndani. Akasema hapana, twende, kuna kitu nataka tukione kabla ya Jumatatu. Tukaenda kwenye lile duka la samani, kubwa kama uwanja. Humo ndani wamepanga vyumba kamili, kitanda, taa, pazia, ila ukuta mmoja hakuna, unaona kila kitu kama umeingia kwa watu wakiwa hawapo. Watu wanalala vitandani na viatu vyao, hakuna anayewafukuza.

Baba watoto akasimama mbele ya kitanda kimoja kipana. Akakibonyeza. Akakitikisa miguu. Akalala chali, akaweka mikono kifuani, akafumba macho.

Akatulia.

Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Nikaona pua haichezi. Nikamwangukia kifuani nikampiga ngumi nikapiga na ukelele, wauza duka wakaja mbio, mmoja na glasi ya maji, mwingine anatupepea kwa karatasi ya bei.

Akafumbua macho. Una nini wewe?

Umenifanyia nini!

Nilikuwa nasikiliza springi, akasema.

Nilikaa hapohapo kitandani. Wauza duka wakarudi nyuma hatua chache, lakini hawakwenda mbali. Yeye akainuka akakaa karibu yangu. Akasema kwa sauti ndogo, basi niambie, mama. Nipo tayari. Nina nini?

Nikasema wewe ndiye uniambie una nini.

Mimi sijui. Wewe ndiye unajua. Wewe na kaka na dada na watoto, wiki nzima mmenificha.

Nani kaficha? Mimi au mtu anayenunua kitanda na miezi mitatu ijayo anarudi kwao?

Hapo akaanza kuchezea ile karatasi ya bei. Ninamjua, akichezea kitu namna ile kuna jambo limemkaa kooni.

Akasema: bosi ameniomba nibaki. Miaka miwili tena. Cherehani mpya zinakuja, anataka nizisimamie mimi. Jibu ni Jumatatu.

Nikamwambia endelea.

Akasema alishindwa pa kuanzia. Alijua nimehesabu kurudi. Akaona anitembeze kwanza. Nilitaka uipende nchi hii, akasema. Ukishaipenda ndiyo nikwambie.

Na ile picha?

Ya ukutani. Si ukuta wetu mtupu.

Na maneno ya kule mlimani, ya kuzoea mahali?

Nilidhani umenielewa. Si ulilia?

Na daktari? Siku ile ulikawia kwa daktari.

Akageuza uso upande wa pili, kwenye taa. Daktari alisema nipunguze chumvi. Sikukwambia kwa sababu ungeipunguza kweli.

Nikacheka. Nilicheka mpaka kilemba kikanivuka, na yeye akacheka, kile kitanda kikacheka na sisi, springi zake ni nzuri kweli. Halafu nikalia. Halafu nikakasirika, maana nimemzika mtu huyu wiki nzima na nimempeleka mpaka kwa ukoo wake, kumbe ni chumvi.

Wakaja kijana na mkewe, wakauliza kwa adabu kama tumemaliza na kitanda.

Tukitoka nikamuuliza. Na mjukuu?

Hilo halikuwa na jibu la kuchezea karatasi.

Jumapili, 17 Machi

Leo hatukutoka. Nimepika kwa chumvi kidogo. Amekula bila kusema neno, anajua kosa lake.

Kutwa nimekuwa kwenye simu, nafufua maiti. Binti mkubwa alicheka mpaka nikamwambia acha, utazaa kabla ya wakati. Shemeji alisema sawa, lakini msamaha wa mbuzi asije akaurudisha. Wifi akaniuliza una uhakika? Kama vile nimemnyang'anya kitu mkononi. Alikwishachagua kitambaa cha sare cha wanawake wa ukoo, akapita nacho nyumba kwa nyumba. Nikamwambia wifi, kitunze, si tuna mtoto anakuja? Akasema cheusi? Nikamwambia hilo ni lako na fundi wako.

Mama mkwe tu ndiye hakushangaa. Akasema mwanangu hawezi kufa bila kuniaga, ana adabu.

Jioni baba watoto alikuwa anatia mafuta bawaba za dirisha. Zilikuwa hazina shida, ila mkono wake haukai. Akasema, bila kugeuka, kesho nitamwambia bosi hapana. Tunarudi. Ulimwahidi mtoto.

Nilitakiwa kufurahi. Nikasema haya. Nikawasha pasi, ninyooshe shati lake la kesho.

Napiga pasi na ninatuona tumeshafika. Tumeshuka garini. Amebeba begi kubwa, ameshika ile njia yetu nyembamba, yupo mbele. Mimi nyuma na kikapu. Nyumbani wamejaa watu wake, wanamwita, wanacheka naye, mimi niko jikoni. Sisemi ni vibaya. Ndivyo nilivyoishi na ndivyo nilivyolea wanangu, na hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Nasema tu nimeviona, na zamani sikuwa naviona.

Nikamuuliza, tukirudi utanitembeza?

Akafikiri. Ni mtu mkweli, ndiyo taabu yake. Akasema kwetu utatembea wapi, mama? Ukitoka na mkeo bila sababu kila mtu atauliza kuna nini.

Na ni kweli. Si mimi mwenyewe niliuliza nani kafa?

Lakini mjukuu. Nani atamshika mwanangu mgongo akiwa na uchungu? Wifi? Atamuuliza ni ini au figo. Nani atamkanda? Nani atamwonyesha namna ya kumshika mtoto shingo? Mimi mama yangu alikuwepo. Nilimvunja vidole kwa kumng'ang'ania na hakuutoa mkono.

Nimemtumia ujumbe binti mkubwa. Nimeuandika nikaufuta, nikauandika. Nimemwambia baba yako ameombwa miaka miwili. Mimi nilikuahidi. Ukisema njoo, ninakuja, hata kama yeye atabaki na mayai asiyojua kuyachemsha. Ukisema vingine, sema.

Hakujibu. Labda amelala mapema, wajawazito wanalala.

Shati limenyooka. Kola nimeitia wanga. Kama ni kukataa, akatae akiwa nadhifu.

Jumatatu, 18 Machi

Naandikia kwenye benchi, kiwandani, nje ya mlango wa bosi. Daftari lilikuwa kikapuni chini ya chupa ya chai. Meza yangu ya nyuzi nimeiacha, Mama Vifungo amenishikia zamu, kwa sharti nimsimulie yeye wa kwanza.

Baba watoto ndiye aliyesema twende wote. Nikasema mimi ya nini, si unajua la kusema? Akasema twende tu.

Njiani hatukuongea sana. Aliuliza kama nimezima jiko. Nikasema nimezima. Mara nyuma yetu kengele ya baiskeli ikalia. Ikalia tena. Mwenye baiskeli akapiga kelele kwa lugha yao. Nikageuka kuona ni nani huyo anayezibia watu njia.

Ni sisi. Tulikuwa ubavu kwa ubavu, tumeijaza njia yote, na sikujua tumeanza lini. Kikapu alikuwa amekishika yeye.

Tulisogea, baiskeli ikapita. Halafu tukarudi vilevile.

Ameingia. Mlango una kioo cha ukungu, naona vivuli viwili. Kimoja kinatembeza mikono, huyo bosi. Kimoja kimesimama wima kama mtoto wa shule, huyo wangu. Nikamwambia kimoyomoyo, kaa chini, si umepewa kiti?

Nimetazama simu. Binti mkubwa ameusoma ujumbe. Inaonyesha anaandika. Ameacha. Anaandika tena. Ameacha. Mwanangu, usiwe kama baba yako, likikukaa kooni liteme.

Mlango umefunguka. Baba watoto ametoa kichwa. Jasho limemtoka, ile kola niliyoitia wanga imelala.

Nimemwambia hapana, amesema.

Nikasema haya.

Akasema, hakukubali wala hakukataa. Ameniuliza mkeo anasemaje. Nikataka kumjibu, mama, nikakuta sijui. Miaka yote hii sijakuuliza. Nimemwambia angoje nikuulize.

Basi niulize.

Akasema si hapa mlangoni. Ingia. Anataka akusikie wewe mwenyewe, mimi nitamfasiria, sitaongeza wala sitapunguza.

Nimemwambia naja, nafunga kikapu. Sifungi kikapu. Nakuandikia wewe mwanangu, ingawa najua daftari hili huwezi kulisoma, na simu hii hapa bado inasema unaandika. Sijui nikifungua mdomo litatoka lipi. Mkono mmoja nimeshauona uko kwako, unakukanda mgongo, na mwingine sijui nani atautoa kwenye kiganja cha mzee huyu.

Nijibu upesi, mama yangu, neno moja tu latosha. Mlango uko wazi, baba yako ameushika kwa mguu usijifunge, na huko ndani nasikia wanavuta kiti cha tatu.